Namna ya Kuandika Riwaya ya Maharamia na Hazina kwa Wasomaji Vijana

Katika riwaya ya kusaka hazina, mhusika anayesahaulika mara nyingi ni yule aliyeificha. Mwandishi humpa shujaa wake jina, humpa adui upanga na merikebu yenye bendera nyeusi, kisha huweka sanduku chini ya mchanga kana kwamba liliota hapo lenyewe. Msomaji wa miaka 9 hadi 14 huliona pengo hilo upesi kuliko mtu mzima, kwa sababu yeye hasomi kwa ajili ya mandhari. Anatafuta hazina pamoja na shujaa, na kila jambo lisilo na sababu humwambia kwamba mwandishi naye hajui iliko. Mwongozo huu umepangwa kwa hatua zinazoanzia hapo kwenye sanduku, kwa kuwa ninaamini kabisa kwamba mengine yote katika riwaya ya aina hii hutokana nalo.

Hatua ya 1: Jibu maswali matatu kabla ya kuandika chochote

Nani aliificha hazina? Kwa nini hakurudi kuichukua? Na kwa nini hakuna aliyeifikia kabla ya shujaa wako? Andika majibu katika ukurasa mmoja, hata kama nusu yake haitaonekana kamwe katika kitabu.

Maswali haya ni magumu kuliko yanavyoonekana, kwa sababu maharamia wa kweli hawakuwa na desturi ya kuzika mali. Waligawana walichokiteka, wakakitumia au kukiuza, na sehemu kubwa ya mateka yenyewe haikuwa dhahabu bali vitambaa, sukari, kamba, matanga na vyakula. Mwaka 1718 Edward Teach, aliyejulikana kwa jina la Blackbeard, aliifunga bandari ya Charleston kwa siku kadhaa akiwa na watu aliowateka mkononi, na alichodai ili awaachilie kilikuwa sanduku la dawa. Mmoja wa wachache waliozika mali kweli ni William Kidd, aliyeficha sehemu ya hazina yake katika kisiwa cha Gardiners, karibu na New York, mwaka 1699. Alikuwa akitafutwa, na inaaminika kwamba alitaka kuwa na kitu cha kujadiliana na gavana. Hakufanikiwa, alikamatwa, hazina ikafukuliwa kwa amri ya gavana huyohuyo, na Kidd akanyongwa London mwaka 1701.

Zingatia kinachoifanya habari ya Kidd iwe na nguvu: alizika kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo hadithi. Kwa hiyo na mfichaji wako awe na sababu inayomuuma. Chukua mfano huu, ambao tutaurudia katika hatua zinazofuata: nahodha anakufa kabla ya mateka kugawanywa, mabaharia wanaanza kutishiana, na mpishi wa merikebu, mtu asiyeogopwa na yeyote, anaitorosha mali usiku na kuificha ili wenzake wasiuane. Anakusudia kuwaita wote siku hasira zitakapopoa. Homa inamuua kabla ya siku hiyo, na barua yake inamfikia binti wa dada yake. Sasa msichana huyo hana ramani tu; ana amana ya watu wengine.

Hatua ya 2: Chagua bahari moja na majira mamoja

Usiandike kuhusu bahari isiyo na jina. Ukitaka Karibi, una miaka ambayo maharamia waliifanya Nassau kuwa makao yao, hasa kuanzia 1716 hadi 1718, na una dhoruba ya Julai 1715 iliyozamisha msafara wa Hispania uliobeba fedha karibu na pwani ya Florida na kuwavuta wasaka mali kutoka kila upande. Ukitaka Bahari ya Hindi, una kisiwa cha Sainte-Marie kando ya Madagaska, kilichotumiwa na maharamia tangu miaka ya 1690, na una mwaka 1695, wakati Henry Every alipoiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa ikirudi na mahujaji na mali nyingi.

Uchaguzi huu hauhusu mavazi na majina pekee. Katika sehemu nyingi za Karibi maji hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika mita moja, lakini kwenye pwani ya Afrika Mashariki tofauti hiyo hukaribia mita nne wakati wa bamvua, siku ambazo maji hupanda na kushuka kupita kawaida. Pango linalofunikwa na maji kila siku ni jambo la kawaida katika bahari ya pili na ni gumu kuaminika katika ya kwanza. Vivyo hivyo kwa upepo: anayesafiri kwa tanga katika magharibi ya Bahari ya Hindi hutegemea kaskazi, inayovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika nafasi yake kuanzia Aprili hivi. Merikebu haiendi popote nahodha anapotaka, na kizuizi hicho ni zawadi kwa mwandishi, kwa sababu kinawalazimisha shujaa na adui zake kusubiri upepo mmoja.

Hatua ya 3: Chora ramani kabla ya sentensi ya kwanza

Robert Louis Stevenson alianza riwaya yake Treasure Island mwaka 1881 kwa kuchora ramani ya kisiwa akiwa na mtoto wake wa kambo, na hadithi ikafuata ramani. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza, na si kwa ajili ya pambo. Ramani humzuia mwandishi kusema uongo bila kujua.

Chora kisiwa kwenye karatasi kubwa, weka kipimo, kisha onyesha mambo yatakayomgharimu mtu muda: mlima, mto, mikoko, miamba, mafungu ya mchanga, na mahali pekee ambapo merikebu kubwa inaweza kutia nanga bila kukwama. Andika kina cha maji kwa pima, kipimo cha kina cha mabaharia. Kisha hesabu. Mtu mwenye mzigo katika kichaka kisicho na njia huenda kama kilomita mbili kwa saa, na huenda pungufu ya hapo. Merikebu inayosafiri kwa wastani wa maili tano za baharini kwa saa itamaliza maili 120 kwa mchana na usiku. Ukiwa na hesabu hizi utajua kwamba shujaa aliyeondoka ghubani alfajiri hawezi kufika rasi ya pili kabla ya jua kutua, na sura ya usiku porini, ambayo hukuipanga, itakuwa imejileta.

Hatua ya 4: Tunga fumbo ambalo msomaji anaweza kulifumbua

Hapa ndipo ninapomwomba mwandishi atumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Fumbo zuri lina sharti moja: kila kinachohitajika kulifumbua kiwe kimeshapita mbele ya macho ya msomaji kabla shujaa hajapata jibu. Kanuni ya siri inayofumbuliwa ghafla na mzee aliyejitokeza sura ya kumi na nne ni dhuluma kwa mtoto aliyekuwa akifikiri tangu sura ya pili.

Turudi kwa mpishi wetu. Katika barua yake ameandika kwamba kisiwani kuna nguzo ya jiwe iliyosimama, na kwamba mali iko pale ncha ya kivuli cha nguzo inapogusa ardhi wakati wa adhuhuri, kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Msichana anafika, anasubiri adhuhuri, anachimba mpaka mikono inatoka malengelenge, na hapati kitu. Kwa nini?

Tuseme kisiwa kiko nyuzi sita kusini mwa ikweta na nguzo ina urefu wa mita 10. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli huanguka kusini, urefu wake ukiwa kama mita 5.6. Mwishoni mwa Desemba jua limehamia kusini, kivuli huanguka kaskazini, na urefu wake ni kama mita 3.1. Kati ya alama hizo mbili kuna karibu mita tisa, na nguzo yenyewe imesimama katikati. Msichana amechimba upande usio wake, ingawa hakukosea hata neno moja la barua.

Sasa angalia jinsi ufumbuzi unavyofichwa hadharani. Katika sura ya pili, anapoisoma barua kwa mara ya kwanza, kuna sentensi inayoonekana kuwa ya salamu tu: mpishi anamwambia dada yake kwamba kaskazi imeshaanza na kwamba wenzake wanangoja ishike ndipo wang'oe nanga. Katika sura ya sita msichana anafika kisiwani akisukumwa na kusi. Msomaji ana upepo mbili mkononi, na ana mchana mzima wa kumwona msichana akichimba, kabla msichana mwenyewe hajaketi chini, akaitoa barua iliyolowa jasho, na kidole chake kikasimama juu ya neno kaskazi. Mtoto aliyelitambua neno hilo kurasa tano mapema hatakisahau kitabu chako.

Kuna mafumbo mengine ya namna hii. Maji ya bahari hupwa mara mbili kwa siku kwenye pwani nyingi, yakichelewa kwa takribani dakika 50 kila siku, na bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu. Pango ambalo mlango wake huonekana wakati wa maji ya bamvua yaliyopwa kabisa hutoa nafasi ya saa moja au mbili, kwa siku chache tu, na anayeikosa atangoja karibu wiki mbili. Dira nayo hubadilika: huko London sindano iliyokuwa ikielekea kama nyuzi 11 mashariki ya kaskazini halisi mwaka 1580 ilifika kama nyuzi 24 magharibi yake karibu na mwaka 1820. Anayefuata ramani ya zamani kwa dira ya leo, akakosea nyuzi 10 katika mwendo wa hatua 300, atasimama zaidi ya hatua 50 kutoka mahali panapotakiwa.

Chagua fumbo moja kubwa na dogo moja. Lijaribu wewe mwenyewe kwa kijiti na taa juu ya meza, maana kosa la hesabu katika fumbo hubomoa imani yote ya msomaji.

Hatua ya 5: Mpe mtoto kazi ya kweli

Shujaa kijana asiwe abiria. Historia inakuruhusu kumweka kwenye sitaha: mnamo Novemba 1716 mvulana aliyeitwa John King, ambaye hakuwa na zaidi ya miaka 11 kwa makadirio, alikuwa akisafiri na mama yake katika chombo kilichotekwa na Samuel Bellamy, akashikilia kujiunga na maharamia licha ya mama kukataa. Merikebu ya Bellamy, Whydah, ilizama kwa dhoruba Aprili 1717. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1984, na ndani yake kukapatikana kiatu kidogo, soksi ya hariri na mfupa wa mguu wa mtoto. Ninaitaja habari hii kwa sababu inatakiwa ikae moyoni mwa anayeandika: tamaa ya mtoto ya kwenda baharini ni ya kweli, na bahari haikumhurumia.

Wala msichana hahitaji kuombewa ruhusa. Anne Bonny na Mary Read walihukumiwa Jamaika mwaka 1720 kwa uharamia, na mashahidi walieleza jinsi walivyobeba silaha. Mpe shujaa wako ujuzi mmoja anaoumiliki kuliko watu wazima walio karibu naye, kama vile kusoma, kupiga mbizi, au kufunga mafundo, na hatari kubwa ya kitabu iamuliwe na ujuzi huo. Watu wazima wema wazuiwe na jambo linaloeleweka. Mlezi anayemwacha mtoto apambane na maharamia bila sababu humfanya msomaji amkasirikie mwandishi.

Hatua ya 6: Waandikie maharamia sheria

Haramia anayekoroma na kuua kila ukurasa huchosha upesi. Maharamia wengi waliishi kwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Katika mapatano yanayohusishwa na Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722, kila mtu alikuwa na kura katika mambo muhimu, taa na mishumaa ilizimwa saa mbili usiku, kucheza kamari kwa fedha kulikatazwa, nahodha na msaidizi wake mkuu walipata mafungu mawili kila mmoja, na aliyepoteza kiungo vitani alilipwa. Andika mapatano ya merikebu yako, yafike mistari kumi, kisha uyatumie. Adui anayemwinda msichana wetu ana haki kwa mujibu wa mapatano hayo, kwa kuwa fungu lake halikulipwa kamwe. Ni mkatili na ni mdai halali kwa wakati mmoja, na mtoto anayesoma atalazimika kufikiri.

Usifiche pia chanzo cha mali. Whydah ilijengwa kwa ajili ya biashara ya watumwa, na Bellamy aliiteka baada ya kuwa imeshauza watu na kubeba faida yake. Vijana wanaweza kuambiwa ukweli huu kwa lugha ya staha, bila kuwaonyesha kila jeraha. Kuuficha ni kuifanya fedha ionekane safi wakati haikuwa safi.

Hatua ya 7: Pima uzito wa hazina

Niliwahi kuwasomea watoto rasimu ambayo wahusika wawili waliliinua sanduku lililojaa fedha na kukimbia nalo ufukweni. Msichana mmoja alinyosha mkono akauliza, "Wanalibebaje?" Nilikwenda kuhesabu. Sarafu ya fedha ya Hispania yenye thamani ya reale nane ilikuwa na uzito wa gramu 27 hivi, kwa hiyo sarafu 1,000 ni kilo 27. Sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kina cha 40, likijazwa sarafu hizo hadi mdomoni, litazidi kilo 500.

Jibu hilo liliniandikia upya theluthi ya mwisho ya kitabu. Hazina haibebwi, inahamishwa kidogo kidogo, kwa mifuko, kwa safari nyingi kati ya shimo na mashua, huku maji yakijaa na adui akikaribia, na katika kila safari mtu huamua achukue nini na aache nini. Mashua iliyozidiwa shehena huzama hadi maji yakalamba ukingo wake, na hapo ndipo mtu hutakiwa kuchagua kati ya mfuko na rafiki.

Hatua ya 8: Tumia lugha ya bahari, lakini ieleweke

Kiswahili kina hazina yake ya maneno ya chomboni, na ni kosa kuyaacha: omo na tezi, joshini na demani, mlingoti na foromali, kutweka tanga na kulitua. Usiyafafanue kwenye mabano wala kwenye orodha mwishoni. Weka neno ndani ya kitendo kinacholieleza. Badala ya kuandika, "Upepo uligeuka na hali ikawa ya hatari," andika hivi:

"Aliishika kamba ya demani akaihisi ikitetemeka kama mshipi ulionasa samaki. Alijua kabla ya mshika usukani kutamka neno: upepo umehama, na tanga linataka kupiga."

Kijana ambaye hajawahi kupanda chombo ataelewa kamba hiyo inafanya nini. Sura ziwe fupi, na kitabu kizima cha maneno kati ya 30,000 na 50,000 kinatosha kwa umri huu.

Hatua ya 9: Amua hazina itakuwa ya nani

Msomaji aliyevumilia kurasa 200 anastahili kuiona fedha, kuishika na kuisikia ikilia. Usimwambie kwamba hazina ya kweli ilikuwa urafiki na sanduku lilikuwa tupu. Baada ya kuiona, ndipo deni la sura ya kwanza lilipwe. Msichana wetu ana orodha ya majina ya mabaharia katika mwandiko wa mjomba wake, na adui aliyemwinda yumo katika orodha hiyo. Akimhesabia fungu lake, sarafu kwa sarafu, juu ya jiwe, huku mkono wa mtu huyo ukiwa bado umeshika kisu, una tukio lenye nguvu kuliko pigano lolote.

Hatua ya 10: Kagua ramani na maandishi kwa pamoja

Ramani ya kwanza ya Stevenson ilipotea ilipopelekwa kwa mchapishaji, na Stevenson akalazimika kupitia kitabu kizima akikusanya kila kipimo na kila mwelekeo ili achore nyingine inayolingana na maandishi. Fanya kazi hiyo kwa hiari kabla ya kulazimishwa. Soma rasimu ukiwa na karatasi tupu, uchore kisiwa kwa kufuata maneno yako peke yake, kisha ulinganishe na ramani uliyoanza nayo. Baada ya hapo mpe kijana mmoja ramani na penseli, umsomee kwa sauti, na umwombe aweke alama mahali alipo shujaa mwishoni mwa kila sura. Usimsaidie. Pale penseli inaposita, weka alama kwenye rasimu, na uanze marekebisho yako kwenye ukurasa huo.